KAZI ZA NYUMBANI: Ordinatere inawaka, lakini ekrani iko nyeusi

Ni neno tunalosikia mara nyingi kwa vijana: "Nafinya buto, taa inawaka, ventilatere inazunguka, lakini kwa ekrani hakuna kitu. Mashine imekufa?" Tujibu mara moja: mara nyingi haijakufa.

Mama mwenye sekretariati ndogo kando ya soko anajua uchungu wa jambo hili. Ndani ya mashine yake muko TFC ya mwanafunzi anayepaswa kuitoa juma hili, muko barua za watu na faktire. Anaita fundi. Fundi anatazama dakika mbili, anasema: "Tufute yote, tuweke Windows mupya." Mama, kataa. Ile alama ya kiwanda unayoiona wakati wa kuwasha inatoka mbele ya mashine kusoma Windows kwa disiki. Kama hata alama hiyo haionekani, Windows mupya haitaponyesha kitu, na TFC itakuwa imepotea bure. Kazi yako iko kwa disiki, na disiki mara nyingi ni nzima.

Basi, anza inje. Zima ekrani peke yake, uiwashe tena. Ikiandika kama hakuna sinyali, ekrani iko hai. Inangojea picha tu. Tazama kwa butoni zake: ekrani ingine iko na milango miwili ao mitatu (VGA, HDMI, DisplayPort), na mutoto aliyecheza na butoni anaweza kuwa aliichagulia mulango ambao hauna waya. Chomoa waya pande zote mbili. Kichwa cha VGA kiko na sindano 15, na moja ikipindana, picha inaharibika ao inakosa. Kama nyumbani muko televizyo yenye HDMI, na mashine yako nayo iko na HDMI, unganisha hapo: ni njia ya kupima bila kulipa mutu.

Mashine za okazio zinazotoka Ulaya ziko na mutego wao. Ingine iko na milango ya picha pahali pawili nyuma: moja juu, karibu na milango ya USB, na moja chini, kwa karti ya picha iliyoongezwa. Kama hiyo karti iko, weka waya kwake, kwa chini. Mashine nyingi zikiona karti hiyo zinafunga mulango wa juu.

Sasa finya Num Lock kwa klavye. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila mara unapofinya, mashine inafanya kazi, na ubaya uko upande wa picha. Washa torshi na uielekeze kwa ekrani kwa upande. Ukiona picha hafifu sana ndani ya giza, ni mwanga wa nyuma wa ekrani ndio umekufa, ordinatere haina kosa.

Num Lock haijibu? Tuingie ndani. Chomoa prizi kwanza, kisha finya buto ya kuwasha sekunde kumi na tano hivi ili kuranti iliyobaki itoke. Fungua kifuniko, gusa chuma cha sanduku kwa mukono mbele ya kugusa kitu kingine. Huku kwetu, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi inaingia kila pahali. Iondoe na brosi laini iliyo kavu. Usipulize na kinywa, mate ni maji.

Pahali pa kutazama sana ni RAM, vile vibao virefu vyembamba vyenye meno ya rangi ya zahabu. Vumbi ikiingia katikati ya meno na mulango wake, mashine inazunguka tu bila kusema kitu, ao inalia pip-pip. Fungua vishikio, toa kibao, sugua meno yake polepole na gome ya shule iliyo safi, pangusa, rudisha mpaka usikie "taka". Kama viko viwili, jaribu kimoja kimoja, na kwa kila mulango. Kazi ya nusu saa, na ni hiyo inayorudisha mashine nyingi ambazo watu walikwisha kuzililia.

Bado? Toa lile jiwe dogo la mviringo, CR2032, lenye volti 3. Ngoja dakika tano, rudisha ao weka mupya. Mipango ya mashine inarudi kama ilivyotoka kiwandani, na saa utairekebisha kisha.

Lakini lile sanduku la chuma lenye kupokea kuranti, usilifungue hata siku moja. Ndani yake kuranti inaweza kukaa hata prizi ikiwa imechomolewa, na inaweza kukuua.

Ukifika hapo bila picha, fundi anahitajika. Mbele ya kumupa mashine, toa disiki wewe mwenyewe: vis nne na waya mbili mara nyingi. Inaweza kuunganishwa kwa ordinatere ingine, ao kwa USB na waya maalum, na mwanafunzi akakopi TFC yake siku ile ile. Kisha umuulize fundi akuonyeshe, na RAM ingine ao alimantasio ingine mbele ya macho yako, ni kitu gani kilichokufa. Akisema karti-meri bila kujaribu hivyo viwili, peleka mashine kwa mwingine.