Andika Kipimo, Usikokote kwa Kipanya

Mkulima wa Mgeta hahitaji kuelezwa lumbesa ni nini. Gunia la viazi linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kilemba juu yake, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wanapita masokoni, na bado malalamiko ya wakulima wa Nyandira na Langali, huku huku Mgeta, hayajaisha. Nayaunga mkono yote. Lakini mimi kazi yangu ni kuchora lebo, na kuna jambo halisemwi sokoni: sisi wa kwenye kompyuta nasi tunawapunja wakulima hao hao kwa vipimo, na hasara yetu haionekani mpaka karatasi itoke kwenye printa.

Mazao ya huku siku hizi hayashuki mlimani yakiwa mabichi tu. Mbuzi wa maziwa wa Kinorwe, walioletwa kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwishoni mwa miaka ya 1980, wamezaana, na maziwa yao yanagandishwa kuwa mtindi. Stroberi zinapikwa jemu. Kila kopo na kila chupa inataka lebo, kwa hiyo mama wa kikundi anapanda gari, anateremka hadi Sangasanga, anaingia Morogoro mjini na kutafuta steshenari. Anaeleza anachotaka. Kijana aliyekaa mbele ya kompyuta anashika kipanya, anavuta pembe ya kisanduku huku na huku mpaka aone imekaa vizuri kwenye kioo, anabonyeza kuchapa.

Imekaa vizuri kwa kipimo gani? Kioo cha kompyuta hakina ukubwa wa kuaminika. Ukizungusha gurudumu la kipanya, lebo ya kopo inajaa kioo kizima. Ukirudisha nyuma, inakuwa kama stempu. Jicho halina pa kushika hapo, hata liwe la fundi wa miaka mingi.

Na kinachoniuma ni kwamba programu za vekta zilitengenezwa kwa ajili ya kuondoa ubabaishaji huo. Picha ya kamera ni vinukta vilivyopangwa. Mchoro wa vekta ni hesabu: umbo hili linaanzia hapa, upana wake kiasi hiki, urefu wake kiasi kile. Ndivyo ilivyokuwa tangu Illustrator ilipotoka mwaka 1987 na CorelDRAW mwaka 1989, na ndivyo ilivyo kwenye Inkscape, ambayo ilianza mwaka 2003 na ni ya bure. Mimi natumia hiyo ya bure, maana haidai leseni na inafanya kazi bila bando, jambo ambalo mtu wa Nyandira atalielewa haraka. Katika zote hizo, juu au pembeni ya mchoro kuna visanduku viwili vya upana na urefu. Unabofya, unafuta kilichomo, unaandika 80, unachagua milimita, unabonyeza Enter. Basi. Kazi hiyo ni fupi kuliko kuvuta pembe na kuirudisha, na sijasikia sababu hata moja ya maana ya kuikwepa.

Kuna mtego lakini, na unawanasa hata wanaoandika namba. Chora mstatili wa milimita 80 kwa 50, kisha uupe mstari wa pembeni wenye unene wa milimita 2. Mstari huo unakaa nusu ndani ya ukingo na nusu nje, kwa hiyo umbo lote sasa ni 82 kwa 52. Zana ya kuchagua ya Inkscape kwa kawaida inahesabu na mstari. Ukiandika 80 hapo, inakupa 80 ya nje hadi nje, na kama umezuia mstari usikonde pamoja na umbo, mstatili wako wenyewe umebaki 78. Mashine ya kukata stika haijali wino. Inafuata ukingo wa umbo. Panga lebo kadhaa kwenye safu moja uone milimita mbili mbili zinavyojumlishana. Dawa yake iko kwenye mapendeleo ya programu, sehemu ya zana: unachagua upimaji wa umbo lenyewe badala ya upimaji wa kinachoonekana. Au tumia visanduku vya zana ya mstatili yenyewe, maana vile vinataja umbo bila kuhesabu mstari. Mtu anayelipwa kwa kazi hii anapaswa kuyajua haya kabla hajajua kuweka kivuli kwenye herufi.

Kopo la mtindi ndilo linalomtambulisha fundi. Kopo hilo ni pana juu na jembamba chini, kwa hiyo lebo yake si mstatili. Ukilivika mstatili, ncha zake zinapanda kuelekea mdomo wa kopo na kufanya kona kwa nyuma, au karatasi inakunjamana. Chukua kopo lenye kipenyo cha milimita 90 juu na 70 chini, na ubavu ambao ukiupima kwa kufuata mteremko wake ni 100. Fikiria ubavu huo ukiendelea chini ya kitako mpaka kopo liishie kwenye ncha. Kutoka ncha hiyo hadi mdomoni ni 100 mara 90, ugawe kwa 20 ambayo ni tofauti ya vipenyo: unapata 450. Kutoka ncha hadi kitakoni ni 350. Mzingo wa mdomo wa kopo ni milimita 282.7, na mzingo wa duara zima lenye nusu kipenyo cha 450 ni 2,827. Maana yake lebo yako ni sehemu ya kumi ya duara hilo, nyuzi 36 kamili. Sasa kwenye programu unachora duara la nusu kipenyo 450, unaandika pembe ya kuanzia na ya kuishia ili kibaki kipande cha nyuzi 36, unachora jingine la 350 lenye kitovu hicho hicho, unalitoa dogo kwenye kubwa. Kinachobaki ni upinde unaolivaa kopo bila kukunjamana popote. Ncha hadi ncha una milimita 278, kwa hiyo unaingia kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, yenye milimita 297. Ongeza kidogo upande mmoja kwa ajili ya gundi. Hesabu yote hiyo ni ya sekondari. Wanafunzi wa Mgeta wanaifanya kwenye daftari kila mwaka bila kuambiwa kwamba ina mtindi ndani yake.

Jemu ni rahisi zaidi, kwa kuwa chupa yake imenyooka. Zungusha uzi, uweke alama, unyooshe kwenye rula. Chupa ya kipenyo cha milimita 68 ina mzingo wa 213.6, na A4 ikisimama ina upana wa 210. Asiyepima hajui kwamba lebo hiyo lazima ilale.

Chupa hiyo hiyo ndiyo iliyowatia hasara akina mama wa kikundi kimoja ninachokifahamu. Walikuwa na faili zuri, lililochorwa kwa toleo la zamani la Inkscape, likachapwa vizuri misimu kadhaa. Kisha mchapaji mmoja mjini akabadilisha kompyuta, na mpya ikawa na toleo jipya. Mwanzoni mwa mwaka 2017 toleo la 0.92 la programu hiyo lilibadilisha hesabu ya inchi moja kutoka pikseli 90 hadi 96. Ukifungua faili la zamani, programu inauliza: nikupe ukubwa ule ule wa kwenye karatasi, au niziache pikseli kama zilivyo? Swali hilo halikusomwa. Kila kitu kikapungua hadi asilimia 93.75, na lebo ya 213.6 ikatoka 200.25. Nyuma ya kila chupa pakabaki uwazi wa zaidi ya sentimita moja, katoni nzima. Nani alilipa karatasi ya stika iliyorudiwa? Walilipa wapika jemu.

Msimbopau nao una vipimo vyake, na hapa hakuna mjadala. Ule wa tarakimu 13, ambao kwa namba za Tanzania huanza na 620, ukubwa wake wa kawaida ni milimita 37.29 kwa 25.93, pamoja na nafasi nyeupe za kushoto na kulia. Unaruhusiwa kushuka hadi asilimia 80 na kupanda hadi 200. Mchoraji anayevuta pembe ya msimbo ili "utoshee" kwenye kona anaweza kushuka chini ya hapo bila kujua, au akaubana upande mmoja, au akaila ile nafasi nyeupe akidhani ni ya bure. Lebo inapendeza, ila mashine ya supamaketi haiisomi, na mtindi unarudishwa. Ongeza hapo kile kisanduku cha printa kinachosema ipunguze ili ienee kwenye ukurasa. Kiondoe alama. Chapa kwa asilimia 100, kisha weka rula juu ya karatasi ya kwanza kabla hujachapa ya pili.

Wapo wenzangu wanaonijibu kwamba siku hizi kila kitu kina kiolezo tayari kwenye intaneti, unapakua na kubadilisha jina. Vingi vya violezo hivyo vimepangwa kwa karatasi ya Marekani, milimita 216 kwa 279, si A4, na kwa chupa ambazo hapa haziuzwi. Milima hii ya Morogoro iliwahi kuonja vipimo vya kuletwa. Mwaka 1955, upande wa Matombo, watu walisimama kupinga matuta ya ngazi ambayo serikali ya kikoloni iliyalazimisha. Matuta yalipimwa, hilo halina ubishi. Lakini udongo wa juu wa miteremko ile ni mwembamba, na jembe lilipochimba ngazi lilifunua udongo wa chini usiootesha kitu. Wapimaji walianza na mpango wao, hawakuanza na mlima. Nami nasema lebo ianze na kopo lililoko mezani.

Ninachotaka ni kidogo. Kozi za kompyuta, za VETA na za mitaani, somo la kwanza la uchoraji liwe kuvika kiberiti: mwanafunzi akipime, aandike namba, achape, akate, abandike, na mwalimu apitishe kidole kwenye kona. Rangi na mapambo yafuate baadaye. SIDO, wanaofundisha usindikaji na ufungashaji, wampe kila msindikaji uzi na rula siku ya kwanza, ajue vipimo vya kopo lake kabla hajaingia steshenari. Karatasi ya oda iwe na nafasi ya upana, urefu na kipenyo, mteja na mchoraji waweke sahihi wote wawili. Kipimo kikikosewa na mchoraji, stika mpya ziwe juu yake. Na faili akabidhiwe mama mwenyewe kwenye flashi yake, vipimo vikiwa vimeandikwa ndani, ili akipata mchapaji wa bei nafuu Dodoma au Dar es Salaam asianze kuchorewa upya kwa macho.