Tumngojee wa Mwisho

Bwana Mhariri amenipa nafasi kidogo katika gazeti hili, nami nataka kuitumia kuwasema watazamaji. Habari za wakimbiaji huandikwa kila muhula. Watazamaji husahauliwa, ingawa wao ndio wengi.

Mimi nilisoma hapa, na sasa ni mwaka wa tisa nakaa Oslo, nchi ya Norway, kwa ajili ya kazi. Huko kila mwaka, mwezi wa Machi, watu hupanda kilima kiitwacho Holmenkollen kutazama mashindano ya kuteleza juu ya theluji, yaliyoanza mwaka 1892. Kwa ndugu zangu wa Mtendeni, ambao theluji wameiona katika picha ya Kilimanjaro tu, yafaa nieleze: mchezaji hufunga viatu vyake juu ya mbao mbili ndefu nyembamba, hushika fimbo mbili, kisha hujisukuma msituni, akipanda na kushuka, kilomita 50. Kupanda ndiko kunakoua. Wengine wakimaliza huanguka chini kama magunia.

Watazamaji huenda kwa treni, na wengine hulala msituni katika mahema tangu usiku wa jana yake. Huwasha moto, huchoma soseji, hupiga kengele za ng'ombe. Kelele yao ni "heia, heia!" Sikio la Mswahili husikia "haya, haya!", nami hupiga kelele hivyo hivyo wala hapana anayetambua. Kumshangilia aliye mbele hata sisi twajua. Lililonishangaza ni kwamba mtu wa nyuma kabisa, wa nchi nyingine, asiyejulikana hata jina, naye hupigiwa kengele zile zile, na watu wamesimama katika baridi ya kukata masikio. (Mnorway akiwa mbele kelele huzidi, kweli, wao si malaika.)

Yuko mtu wa kwetu Afrika Mashariki aliyeonja wema huo. Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa mita 800, alikwenda Finland mwaka 1996 kujifunza mchezo huu, naye hakuwa ameona theluji kabla ya hapo. Tarehe 12 Februari 1998, katika Olimpiki ya Nagano, Japani, aliingia mbio za kilomita 10. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alitumia dakika 27. Boit alitumia dakika 47, akawa wa 92, yaani wa mwisho. Dæhlie alikuwa bado yuko pale mwisho wa njia akimngoja, na sherehe ya medali ikingoja pia. Akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Wako waliosema kwamba safari ile ilikuwa tangazo la kampuni ya viatu ya Marekani iliyoigharimia. Na iwe hivyo. Miguu iliyopanda vilima vile ilikuwa ya Boit, na aliyesimama kungoja alikuwa Dæhlie.

Wala tusidhani haya ni mambo ya Wazungu na theluji yao. Mwaka 1968 kule Mexico, John Stephen Akhwari wetu alianguka akaumia goti katika mbio za marathoni. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye alikuwa wa mwisho, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Giza lilikuwa limekwisha ingia, na wengi wa watazamaji walikuwa wamekwenda zao. Wale wachache waliobaki ndio walioona jambo ambalo dunia inalisimulia mpaka leo.

Sasa tazameni mashindano ya shule zetu, nami sitaji shule yo yote. Wa tatu akikata utepe, viwanja vinakuwa vitupu. Mwenye saa huitia mfukoni. Kijana aliyebakiza mizunguko miwili hukimbia kati ya watu wanaobeba viti, na wenzake humzomea. Mwaka wa pili haji tena, naye pengine ana mapafu ya babu zake waliobeba pembe kwa miguu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo. Hakuna atakayejua.

Basi naomba mambo mawili kabla ya mashindano ya muhula ujao. Saa isisimamishwe, na zawadi zisitolewe, mpaka wa mwisho amefika. Na ngoma ipigwe mpaka wakati huo. Siku zetu ngoma ya shule ilikaa stoo, na ufunguo alikuwa nao kiranja wa michezo.