Chagua Tovuti Kama Unavyochagua Mbegu

Siku hizi simu janja zimefika vijijini. Pengine wewe unayo. Pengine anayo jirani yako, au kijana wako aliyerudi kutoka mjini. Watoto huzipenda sana simu hizi. Ukiiweka simu chini kidogo tu, mtoto ameshaishika. Ukimwuliza anafanya nini, atakujibu, "Nacheza, baba."

Kucheza si kubaya. Mtoto hujifunza mengi kwa kucheza. Lakini je, anacheza nini? Anatazama nini? Kifurushi alichokimaliza kimemletea faida gani? Mwezi huu tuzungumze juu ya mambo hayo. Tutaona jinsi ya kupata tovuti zenye kufurahisha na kufundisha, kwa watoto na kwa jamaa nzima.

TOVUTI NI NINI?

Tovuti ni kama kitabu kilichowekwa kwenye intaneti. Unakisoma kwa simu au kwa kompyuta. Tovuti ina kurasa nyingi. Kurasa nyingine zina maandishi. Nyingine zina picha, nyimbo, michezo au video. Kila tovuti ina mwenyewe. Mwenyewe anaweza kuwa serikali, shule, shirika, mfanyabiashara, au mtu mmoja tu.

Tovuti ni nyingi mno. Ziko nzuri, ziko za upuuzi, na ziko zenye hatari kwa watoto. Mkulima hapandi kila mbegu anayoiona sokoni. Huishika, huitazama, na huuliza ilikotoka. Nawe fanya hivyo hivyo kabla ya kumpa mtoto tovuti.

Wazazi wengine husema, "Mimi nimejifunza kusoma juzi tu. Mambo ya intaneti ni ya wasomi." Sivyo, ndugu yangu. Ukiweza kusoma gazeti hili, unaweza kumchagulia mtoto wako tovuti. Kusoma unakujua. Akili ya kupima jema na baya unayo tangu zamani.

SOMA ANWANI KWANZA

Kila tovuti ina anwani yake. Anwani huandikwa juu kabisa ya kioo cha simu. Zitazame herufi za mwisho. Kwa tovuti za Tanzania, herufi hizo hukuonyesha aina ya mwenyewe:

.go.tz ni ya serikali.
.ac.tz ni ya vyuo.
.sc.tz ni ya shule.
.or.tz ni ya mashirika.

Utaona pia anwani zinazoishia na .com au .org. Hizo zaweza kuchukuliwa na mtu yeyote, wa nchi yoyote. Kwa hiyo zichunguze zaidi. Jihadhari pia na wadanganyifu. Wao huchukua jina linalojulikana, kisha hubadili herufi moja tu. Basi soma anwani herufi kwa herufi, usiharakishe.

TOVUTI NNE ZA KUANZIA

Ya kwanza ni African Storybook. Anwani yake ni www.africanstorybook.org. Ilianzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini. Ina hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kimo. Hadithi zimepangwa kwa ngazi. Za mwanzo zina maneno machache tu katika kila ukurasa. Kuzisoma ni bure. Unaweza kuzipakua, yaani kuzihifadhi, ukazisoma baadaye. Hadithi hizi zinamfaa mtoto anayeanza kusoma. Zinamfaa pia mtu mzima aliyemaliza kisomo karibuni. Someni pamoja.

Ya pili ni Ubongo. Anwani yake ni www.ubongo.org. Shirika hili liko Dar es Salaam. Lilianza kuonyesha katuni za Ubongo Kids katika televisheni mwaka 2014. Katuni hizo hufundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Watoto wadogo wana katuni yao, iitwayo Akili and Me. Humo yumo mtoto Akili mwenye miaka minne, anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Anafundisha herufi, namba na maumbo.

Ya tatu ni Wikipedia ya Kiswahili. Anwani yake ni sw.wikipedia.org. Ilianza mwaka 2003. Hii ni kamusi kubwa ya mambo ya dunia, inayoandikwa na watu wa kujitolea. Mtoto akikuuliza, "Mama, kwa nini kuna kupatwa kwa jua?" msikimbilie kusema hamjui. Tafuteni pamoja. Lakini kumbukeni kwamba mtu yeyote anaweza kuandika humo, kwa hiyo makosa huweza kuingia. Jambo kubwa, kama la ugonjwa na dawa, kaulizeni zahanati. Jambo la masomo, mwulizeni mwalimu.

Ya nne ni ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Anwani yake ni www.tie.go.tz. Taasisi hii ndiyo inayotunga mitaala na vitabu vya shule zetu. Ina maktaba katika mtandao, yenye vitabu vya kiada. Shule yenu ikiwa na vitabu vichache, mwombeni mwalimu awaonyeshe namna ya kuviona huko.

MASWALI MANNE YA KUPIMA

Hatuwezi kuzitaja tovuti zote hapa. Kesho utakutana na nyingine usiyoijua. Ipime kwa maswali haya manne.

1. Je, ni ya nani? Tovuti nzuri haifichi mwenyewe. Tafuta ukurasa wenye maneno kama "Kuhusu sisi". Usipoona jina lolote, iache.

2. Je, mtoto anafanya kazi gani? Katika tovuti nzuri, mtoto anasoma, anahesabu, anachora, anaimba au anajibu maswali. Katika tovuti mbaya, kazi yake ni kubonyeza na kukodoa macho tu.

3. Je, inaomba nini? Tovuti ya watoto haina haja ya kujua namba yako ya siri ya pesa. Haina haja ya picha ya mtoto wala jina la shule yake. Ikiomba hayo, ifunge.

4. Je, mtoto anabaki na nini? Zima simu, kisha mwambie, "Nisimulie ulichokiona." Akiweza kukusimulia au kukuonyesha kwa vijiti na mawe, amejifunza. Akikosa la kusema, badilisheni tovuti.

Swali la nne ni kubwa kuliko yote. Kulijaribu hakugharimu hata senti moja.

TUJIFUNZE KUTOKA TANGA

Lipo jambo lililofanyika hapa hapa nchini, katika Mkoa wa Tanga. Shirika la XPRIZE la Marekani lilitangaza shindano la kutengeneza programu za kufundisha watoto. Programu hizo zilitakiwa kumwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishirikiana katika kazi hiyo.

Programu tano zilifika hatua ya mwisho. Zikatiwa katika vishikwambi, zikiwa kwa Kiswahili. Vishikwambi ni vile vibao vinavyofanana na simu kubwa. Vilipelekwa katika vijiji karibu 170, kwa watoto karibu 2,700. Vilichajiwa kwa umeme wa jua.

Kabla ya kuanza, watoto walipimwa. Zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Watoto 80 katika kila 100 hawakuwahi kusomewa kitu nyumbani. Baada ya miezi 15 walipimwa tena. Idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa washindi na kugawana zawadi.

Matokeo hayo yatazame kwa pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa furaha. Kibao chenye mafunzo yaliyopangwa vizuri, kwa lugha anayoijua mtoto, kimemsaidia mtoto wa kijijini. Basi usidharau kifaa hiki.

Upande wa pili ni wa kututahadharisha. Nusu ya wale wasioweza walibaki vile vile baada ya miezi 15. Kifaa kilisaidia, lakini hakikumaliza kazi. Na kama mafunzo yaliyotungwa na wataalamu hayakumaliza kazi, itakuwaje kwa mtoto aliyeachiwa simu atafute mwenyewe? Mtoto anahitaji mwalimu. Anahitaji pia mtu wa nyumbani anayeketi karibu naye na kumwuliza, "Hili ni neno gani?" Mtu huyo ni wewe.

USIPOTEZE FEDHA

Intaneti inagharimu fedha, na fedha ni jasho lako. Jua hili: maandishi na picha ndogo hutumia MB chache. Video hutumia nyingi. Saa moja ya video inaweza kumaliza MB mamia. Kwa hiyo anzeni na hadithi za kusoma. Mkipata mahali penye intaneti ya bure au rahisi, pakueni hadithi kadhaa na katuni moja au mbili. Nyumbani mtazitumia bila kununua kifurushi tena. Jirani naye anaweza kukurushia alizonazo kutoka simu hadi simu.

Wenye simu wachache wanaweza kusaidia wengi. Jumamosi jioni, watoto watano au sita wakae mkekani. Mmoja asome ukurasa wa kwanza, mwingine ukurasa wa pili. Simu moja imetosha watu wote.

LINDA MTOTO

Simu isiingie chumbani na mtoto. Itumike sebuleni au barazani, watu wazima wakiona. Mfundishe mtoto asizungumze na mtu asiyemjua katika simu, hata kama anajiita rafiki. Mwambie, "Ukiona kitu cha kutisha au cha aibu, niite. Sitakugombeza." Mtoto anayeogopa kupigwa huficha, na kinachofichwa hukua. Likitokea jambo baya, unaweza kupiga namba 116. Ni simu ya msaada kwa watoto, na kuipiga ni bure.

Muda nao uwe na kipimo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri. Mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo cha simu au televisheni. Mwenye miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, na pungufu yake ni bora. Mtoto mdogo anahitaji kukimbia, kulala vya kutosha na kusimuliwa hadithi.

BIBI NAYE ANA TOVUTI YAKE

Msidhani kwamba simu imekuja kuwanyamazisha wazee. Mkimaliza kusoma hadithi ya simu, mwambieni bibi asimulie yake. Sungura na Fisi wa bibi hawamalizi kifurushi. Tena katika African Storybook mtu anaweza kuandika hadithi yake mwenyewe na kuiweka humo. Bibi asimulie, mtoto aandike, mwalimu asahihishe. Hadithi ya kijiji chenu itasomwa na mtoto wa Kigoma, Mombasa na hata nchi za mbali. Jamaa itakuwa imecheza, imejifunza na imefundisha wengine.

Ndugu msomaji, jioni moja ya juma hili, chukua simu yako au azima ya jirani. Mwite mtoto. Fungueni hadithi moja ya Kiswahili. Wewe soma ukurasa mmoja, naye asome mmoja. Ukikwama katika neno, usione haya. Mtoto akikuona unalitamka pole pole mpaka unalipata, atajua kwamba hata baba na mama wanajifunza.

JADILINI KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Katika kijiji chetu, watoto hutumia simu kwa mambo gani?
2. Herufi .go.tz zikiwa mwisho wa anwani, tovuti hiyo ni ya nani?
3. Kwa nini vishikwambi vya Tanga havikumaliza kazi?
4. Nani kati yetu ana simu janja, na anaweza kuwasomea watoto hadithi Jumamosi?
5. Ni hadithi gani ya wazee wetu inayofaa kuandikwa?