MAKTABA MPYA, DENI LA ZAMANI

Apandaye Mlimani, Dar es Salaam, hakosi kuiona ile nyumba kubwa ya vitabu ya Chuo Kikuu. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwezi Juni 2016, nayo ikafunguliwa na Rais John Magufuli tarehe 27 Novemba 2018, baada ya kujengwa kwa msaada wa Serikali ya China. Yaweza kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na rafu zake zina nafasi ya vitabu 800,000. Twaisifu kazi hiyo bila kusita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na maktaba ndiyo daftari la taifa.

Lakini sifa peke yake haitoshi. Yatupasa kukumbuka Chuo hiki kilianzia wapi. Kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Hakikuwa na mlima wala maktaba kubwa. Kilipewa hifadhi katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Na TANU kilikuwa chama kilichoishi kwa senti za wanachama wake: mkulima, kuli wa bandarini, mama muuza vitumbua. Hao ndio waliokuwa wenyeji wa Chuo hata kilipohamia Mlimani mwaka 1964, na kikawa Chuo Kikuu kamili mwaka 1970. Mwenye nyumba hafanyi utovu wa adabu akimwuliza mpangaji wake wa zamani: je, mwanangu, umetuletea nini?

Hapana shaka kimeleta mengi. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilijiunga na Chuo mwaka 1964, ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Taasisi hiyo ndiyo iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, kitabu ambacho mwalimu, mkalimani na sisi waandishi wa magazeti tumekitegemea kama fundi anavyotegemea pima maji. Chuo cha kilimo cha Morogoro kilichokuwa tawi lake kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984; Muhimbili na Ardhi vikafuata mwaka 2007. Mti mmoja umezaa msitu.

Na zana za kazi zimebadilika. Zamani msomaji alivuta saraka za kadi, akaandika namba ya kitabu, akasubiri. Leo kompyuta humwonyesha kitabu kilipo, na tasnifu iliyowekwa wazi kwenye mtandao yaweza kusomwa na mwalimu aliye Kigoma kwa simu yake ya mkononi. Basi ule udhuru wa zamani, kwamba elimu haiwezi kushuka mlimani kwa sababu njia ni ndefu, haupo tena.

Twatoa mfano mmoja. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo walikwenda katika wilaya za kusini kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wazee wale walikuwa watoto na vijana wakati wa vita. Waliketi na vijana wale wageni, wakawasimulia walivyokunywa maji ya dawa, walivyopigana, na jinsi njaa ilivyoua watu baada ya bunduki kunyamaza. Walitoa bure kitu ambacho hakikuwa na bei. Vijana walirudi Chuoni wakaandika, nao waliandika vema. Wanahistoria wa dunia nzima wamezitumia karatasi zao hata leo.

Lakini karatasi zile, kwa sehemu kubwa, ziliandikwa kwa Kiingereza. Wazee wale wamekwisha kufariki. Mjukuu wa mzee aliyesimulia, akitaka leo kujua babu yake alisema nini, itampasa kwanza afike Dar es Salaam, kisha ajue lugha ambayo babu yake hakuisema. Habari ilitoka nyumbani kwake, nayo haijarudi nyumbani kwake. Hilo ndilo deni tunalolisema.

Deni hilo si la historia tu. Mtafiti huenda kwa mvuvi, kwa mkulima wa korosho, kwa mfanyakazi wa kiwanda. Huwauliza maswali, huwachukulia saa za kazi, huandika. Maandishi yake hupelekwa mara nyingi kwenye jarida la ng'ambo. Kisha maktaba zetu hulipa fedha za kigeni ili kuyasoma majarida hayo hayo. Aliyetoa habari hapati hata ukurasa mmoja. Nazo fedha hutoka mfukoni mwake: mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa ajili ya elimu ya juu nchini, na Chuo hiki kimo katika wanaofaidika. Mkopo si zawadi. Utalipwa kwa kodi za watu wale wale.

Wako watakaosema kwamba elimu ya juu haisemeki kwa Kiswahili. Kamusi ya 1981 imekwisha kuwajibu. Wengine watasema kwamba mtaalamu lazima aandike kwa lugha ya kimataifa ili wenzake wamjue. Hatukatai, na auandikie ulimwengu. Twasema tu kwamba akimaliza kuuandikia ulimwengu, awaandikie pia wenye habari.

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu. Kwanza, kila utafiti unaolipiwa kwa fedha za umma uwe na muhtasari wa Kiswahili safi, wa kurasa chache, nao upelekwe katika wilaya ulikofanyika. Pili, karatasi za kale zilizotokana na masimulizi ya wananchi, tukianza na zile za Maji Maji, zitafsiriwe na kuwekwa wazi kwa kila asomaye. Tatu, fedha za kununua vitabu na kuhifadhi magazeti ya zamani zitengwe kila mwaka, zisingoje ufadhili. Kwani nyumba hujengwa mara moja, lakini rafu hulishwa kila siku.

Nasi wanachama na wafanyakazi tusijitoe katika lawama. Ni matawi mangapi ya chama yenye bao na karata, na hayana rafu moja ya vitabu? Ni nani kati yetu aliyewahi kumwuliza mtafiti aliyefika kijijini, "Ndugu, majibu utatuletea lini?" Asiyedai haki yake huwazoesha wengine kuisahau. Muhtasari ukifika wilayani na kukaa mezani kwa karani mpaka uliwe na mchwa, kosa litakuwa letu.

Wazee wa kusini walipoulizwa mwaka 1968, hawakusema kwamba hawana nafasi. Walifungua vinywa vyao, wakatoa walichokuwa nacho. Maktaba ya Mlimani sasa ina nafasi ya wasomaji 2,100. Twaomba mmoja wao awe mjukuu wa mzee yule, na alikute neno la babu yake katika lugha anayoijua.