Kuchimba Bwawa si Kazi, Kazi ni Kulitunza



Katika mjadala wetu wa muhula huu, wenzetu wa upande wa pili walisema kwamba si lazima serikali ya Uganda itoe fedha za mabwawa na malambo, maana tumejaliwa Ziwa Victoria na Mto Nile. Walipigiwa makofi mengi. Mimi sikupata nafasi ya kusema, basi nawajibu hapa.

Ni kweli ziwa letu ni kubwa, lakini maji hayapandi kilima kwa miguu yake. Maji ya Kampala hutolewa ziwani Ggaba, husafishwa, kisha husukumwa kwa mitambo hadi matangi ya kilima cha Muyenga ndipo yatushukie. Na uchafu wa mji, upitao katika mfereji wa Nakivubo, huingia ghuba ile ile. Ndiyo sababu serikali ilijenga kwa gharama kubwa mtambo mwingine huko Katosi, wenye uwezo wa kutoa lita milioni 160 kwa siku. Ikiwa sisi tulio kando ya ziwa twahitaji hayo yote, mtu wa Karamoja asemeje?

Tena tusichanganye mabwawa. Lile la Owen Falls lililofunguliwa Jinja mwaka 1954, ambalo sasa laitwa Nalubaale, na lile la Karuma la megawati 600 lililozinduliwa mwaka 2024, ni mabwawa ya umeme. Maji huzungusha mitambo, yakaenda zake Sudan na Misri. Ng'ombe wa Moroto hanywi umeme. Yeye huhitaji bwawa kama lile la Kobebe, la kukinga mvua ya miezi michache ili inywewe wakati wa kiangazi.

Lakini wenzetu walisema neno moja la haki: kwamba malambo mengi hujaa tope. Hapo siwezi kubisha, kwa kuwa mimi nilishiriki. Kwetu Nakasongola tulichimbiwa lambo nilipokuwa mtoto. Lilizungushiwa ua, na nje palijengwa hori la kunyweshea. Sisi wachungaji tuliona kupiga pampu ni taabu. Tukavunja ua, tukaingiza ng'ombe majini. Kwato zilibomoa kingo, mvua ikaleta udongo, wala hakuna aliyeuzoa. Hapo ndipo nilipojifunza kuogelea. Januari iliyopita nilipita katikati yake na viatu vyangu havikulowa. Dada yangu mdogo sasa huchota maji mbali, na siku nyingine hukosa shule.

Basi maoni yangu ni haya. Serikali itoe fedha za malambo, tena kwa wingi, katika nchi kavu ya wafugaji. Lakini isichimbe lambo lolote bila kutenga fedha za kuzoa tope lake. Nasi wenyeji tulipe kidogo kila mfugaji, tuweke kamati na mlinzi, na avunjaye ua atozwe faini, hata akiwa mwana wa mzee. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nanyi kaka zetu mliosoma hapa mkatutangulia, mlio katika Bunge na wizara: bajeti isomwapo mwezi wa Juni, msiulize tu yatachimbwa malambo mangapi. Ulizeni pia kama yale ya zamani yangali na maji.