Mtoto wa Kuazima

BARAZANI na Maalim Shee
Mombasa, Agosti 2022

Wiki hii, ambayo nchi nzima imetega masikio Bomas zinakojumlishwa kura, kila nyumba na hesabu yake na kila gazeti na jumla yake, nawataka radhi wasomaji wangu kwamba sina habari yoyote ya kuwapa juu ya nani anaongoza na nani anafuata, kwa kuwa ghadhabu niliyo nayo haimhusu Raila wala Ruto, wala haiwahusu wale wawili wengine waliokuwamo katika karatasi ile ile; ghadhabu yangu imeanzia na kuishia katika ua wa skuli moja ya mtaani kwetu, asubuhi ya Jumanne tarehe 9, baina ya adhana ya alfajiri na saa nne, na anayetaka uchambuzi wa siasa na apindue ukurasa.

Vituo vilikuwa vifunguliwe saa kumi na mbili, lakini watu wa kwetu, ambao arusi ya saa mbili huiendea saa nne, siku hiyo walikuwa wamekwisha jipanga kabla ya mlango kuguswa, wengine wametoka msikitini na kofia zao kichwani, wengine wamejifunga leso mbili kwa ajili ya baridi ya kusi na rasharasha iliyokuwa ikija na kuondoka. Majina yalikuwa yamegawanywa kwa herufi, kila mlango na herufi zake. Na kwa mji kama huu, uliojaa akina Mohamed na Mbarak na Mwanaisha na Mwinyi, yeyote aliyebuni mgawanyo huo hakuwahi kuhudhuria khitma Mombasa, kwani mlango wa M ulikuwa na foleni iliyozunguka tangi la maji ikarudi ikajikuta yenyewe, ilhali mlango wa pili makarani walikuwa wakipiga miayo. Nilikuwa na mwavuli wangu, ule ule. Wanaoujua hawatashangaa nikisema kwamba haukufunguka.

Haya yote nayataja kwa kupita. Kuchelewa si jambo la kumkasirisha mtu aliyeishi umri wangu, na mvua ni rehema. Lililonikasirisha lilikuwa na kofia ya manjano ya kufumwa, na wanja uliopakwa nyusi mbili na nukta moja kubwa ya kipajini iliyoteleza upande wa kushoto, na umri wake, kwa kukisia, ulikuwa miezi mitano.

Mara ya kwanza alikuja mikononi mwa binti mmoja mwenye buibui, akalia kidogo kama ilivyo desturi, na askari wa mlangoni akampisha binti yule mbele ya watu wote. Nasi tukampisha kwa moyo safi, maana kanuni za uchaguzi zenyewe zinaagiza kwamba wajawazito na wanaonyonyesha, wazee, wagonjwa na wenye ulemavu watangulizwe, na hata kama kanuni zisingeagiza, murua wetu ungeagiza. Binti akapiga kura, akatoka. Haukupita muda wa mtu kumaliza kikombe cha kahawa na kashata yake, mtoto akarudi. Kofia ni ile ya manjano, nukta ni ile iliyoteleza, isipokuwa mama amenenepa na amepata miwani. Askari akampisha. Mara ya tatu mama alikuwa kijana wa kike mwenye kucha ndefu nyekundu, aliyemshika mtoto yule kama mtu ashikavyo samaki anayemchelea miba, na mtoto, ambaye nadhani kufikia hapo alikuwa ameijua kazi yake, hakulia tena, bali alitutazama sisi tuliosimama kwa macho ya karani mzoefu.

Hila hii si ngeni. Mwaka 2017 katika vituo fulani vya nchi hii makarani walichoshwa nayo hata wakaanza kuwapaka watoto wachanga wino wa kura vidoleni, ili mtoto aliyekwisha ingia mara moja asiingie tena kwa mgongo mwingine. Na habari hiyo ilipochapishwa, watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Lakini kucheka kwa mtu aliyekaa kitini na gazeti ni kitu kimoja, na kucheka kwa mtu aliyesimama nyuma ya tangi la maji ni kitu kingine.

Mbele yangu katika foleni alisimama bi mkubwa mmoja wa makamo ya kuwa mama yangu, na wale wanaokumbuka niliyoyaandika juu ya umri wangu mwaka jana watajua hayo ni makamo gani. Huyu alistahiki kutangulizwa kuliko wote tuliokuwapo, na vijana wawili walimfuata wakamsihi kwa taadhima, wamshike mkono wampeleke mlangoni, naye akakataa katakata. “Miguu ni yangu,” akawaambia, “ikichoka nitaiambia ikae.” Akasimama. Kila mtoto yule wa manjano alipopita, bi mkubwa alimfuata kwa macho mpaka ndani, kisha akageuka akanitazama, asiseme neno. Na mimi niliyewahi kutazamwa na mahakimu, na wakaguzi wa skuli, na mama mkwe wangu marehemu, sijapata kutazamwa vile.

Alipofika mezani hatimaye, na mimi nikiwa kizingitini nikiona yote, ile mashine ya alama za vidole ikamkataa. Karani, kijana mwenye adabu zake, akampangusa kidole cha gumba kwa kitambaa, akakiweka tena, ikakataa. Akajaribu cha shahada, na cha kati, na cha pete, akahamia mkono wa pili, na kila kidole bi mkubwa alikifuta kwa pindo la leso yake kabla ya kukitoa, polepole, kama mtu anayefuta kijiko cha fedha cha wageni. Vidole vyenyewe niliviona: laini, vinang'aa, havina mstari. “Nyanya, alama zako hazisomeki,” karani akasema. “Hazitasomeka,” akajibu bi mkubwa. “Nimezikuna pamoja na nazi, watu wamekwisha zinywa katika tui.” Ikabidi atafutwe kwa nambari ya kitambulisho, akaonekana, sura yake ikatokea kiooni, akapewa karatasi zake. Akazihesabu mbele ya karani kama ahesabuvyo mtu chenji ya Marikiti. Zilikuwa tano.

“Ya gavana i wapi?”

Wasomaji wanajua ilikuwa wapi. Jumatatu, siku moja kabla ya uchaguzi, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba kura ya ugavana wa Mombasa na ya Kakamega, pamoja na ya ubunge wa Kacheliba na Pokot Kusini, zimeahirishwa, kwa sababu karatasi zilizotoka kuchapishwa Ugiriki zimeonekana kuwa na picha na maelezo ya wagombea yasiyokuwa yao. Bahari imevukwa, na jangwa, na katika safari yote hiyo hakupatikana mtu wa kufunua boksi moja akatazama. Lakini hilo lina wanasheria wake, nami nawaachia. Karani alimwambia bi mkubwa, “Hiyo bado, nyanya, mtaitwa tena.” Naye akauliza, kwa sauti iliyosikika mpaka nje, “Kwa miguu hii hii?”

Sasa nirudi kwa mtoto, maana wakati bi mkubwa anasuguliwa vidole mtoto aliingia mara ya nne, na mara hii alibebwa na mwanamume. Mwanamume huyo alikuwa Bwana Redio wa mtaani kwetu.

Najua kwamba wengi wenu mmesita hapo mkasoma tena. Ni yeye. Ni Bwana Redio huyu huyu wa safu hii, aliyenikatiza usingizi katika chaguzi zote nilizowahi kuziandika; ambaye tangu Jumanne usiku amekaa kibarazani na simu yake akizifungua Fomu 34A za matokeo moja baada ya nyingine na kuzijumlisha nyuma ya kalenda; ambaye kila jioni, baada ya magharibi, hutusomea hotuba juu ya wezi wa kura na adhabu inayowangoja duniani na akhera. Alipita mbele ya watu wanaokaribia mia, wengine wamesimama tangu giza, amembeba mtoto ambaye si wake wala si wa ukoo wake, na kwa kuwa hakujua kumbeba, kofia ya manjano ilimwangukia mtoto usoni, naye askari akamsaidia kuiweka sawa. Alipiga kura yake, akatoka, akamrejesha mtoto kwa mwenyewe langoni pamoja na noti iliyokunjwa. Sikuona ni ya shilingi ngapi.

Mara baada ya hapo, hamali mmoja wa mkokoteni aliyekuwa nyuma yangu, kijana mpole ambaye alikuwa akituchekesha tangu alfajiri, aliitazama foleni, akalitazama jua, akaniambia, “Maalim, mie nenda zangu. Mizigo ya watu yangoja.” Nikamwambia asubiri, si mbali tena. Akacheka. “Mbele hatwendi, Maalim, waenda watoto.” Akaenda. Serikali ilikuwa imeitangaza siku ile kuwa ya mapumziko, lakini mapumziko ni ya mwenye mshahara. Hamali akipumzika, jioni nyumba yake nayo hupumzika kula. Huenda alirudi mchana, kwani milango ilikuwa wazi mpaka saa kumi na moja. Mimi sikumwona tena.

Jioni ile nilimwendea Bwana Redio kibarazani pake, nikamwambia niliyoyaona, mbele ya watu, kama ipasavyo. Hakuona haya hata kidogo. “Maalim,” akasema, “kura yangu ni moja, nimepiga moja. Nimemwibia nani?” Na wale waliokaa naye, hususan kinyozi wetu, ambaye siku zote huunga mkono upande ulio karibu na bao, wakasema kwamba amesema kweli.

Amesema uongo. Amemwibia hamali. Kura ya yule kijana haimo katika fomu yoyote anayoifungua Bwana Redio usiku kucha, wala haitamo katika malalamiko yoyote yatakayopelekwa Mahakama ya Juu, kwa kuwa hakuna aliyemkataza kuipiga. Ilimtoka taratibu, nafasi moja moja, kila mtu alipompita na kisingizio chake mkononi. Na wale wanaosema kura moja ni nini katika bahari ya kura milioni kadha wa kadha, hao hawana habari za jirani zetu wa Unguja na Pemba, ambako Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa tofauti ya kura moja tu, na kwa kura hiyo chama cha Afro-Shirazi kikapata viti 10, Hizbu 9 na ZPPP 3, serikali isipatikane, hata watu wakarejeshwa vituoni mwezi wa Juni mwaka ule ule, nao wengi wa wasomaji wangu wa makamo wameambiwa na wazee wao Juni ile ilikuwaje. Laiti hamali mmoja wa Chake Chake angalichoka.

Nimeulizwa ugonjwa huu umetoka wapi. Umetoka mwaka 1988, na sitaki kubishana juu yake. Mwaka ule, katika uteuzi wa KANU, watu wazima walipangwa milolongo uwanjani mchana kweupe nyuma ya watu waliowataka, kila mwenye macho akaona upi mrefu na upi mfupi, kisha mfupi ukatangazwa kuwa umeshinda. Na aliyezidi asilimia 70 katika mlolongo wake akapita bila kupingwa, hana haja tena ya kura ya siri. Desturi ile ilipigiwa kelele mpaka ikafutwa, lakini somo lake halikufutwa. Mtu aliyesimama katika foleni ndefu akashuhudia ikishindwa na fupi, akaenda nyumbani akawasimulia wanawe, unatazamia wanawe waiheshimu foleni kwa dalili gani? Wamekua wakijua kwamba foleni ni pahali pa wasiokuwa na akili. Ndiyo maana mheshimiwa mmoja alipofika kituoni kwetu na magari yake saa tatu, akaingia moja kwa moja mlangoni, akapigwa picha akitumbukiza karatasi, na akatoka akituonyesha kidole chake cha wino, watu wale wale aliowapita walimpigia makofi. Bi mkubwa hakupiga. Mikono yake, aliniambia, bado anaihitaji kwa nazi.

Kwa Tume nina ombi dogo, wala halihitaji wazabuni wa Ugiriki: mtoto wa kuazima akishaingia mara moja, na apakwe wino, na akiingia mara ya pili, apewe kitambulisho, maana amekwisha tumikia taifa kuliko sisi.

Tumeambiwa kwamba kura ya gavana sasa ni tarehe 23 mwezi huu. Bi mkubwa ameniahidi kwamba ataikaza miguu yake. Na jana usiku nimepata habari, kwa njia ile ambayo wasomaji wangu wanajua kwamba hupita jikoni kwangu kabla ya kufika barazani, ya kuwa mama wa mtoto yule amekwisha pokea maombi kadha kwa ajili ya siku hiyo, la kwanza likiwa la Bwana Redio, na kwamba mara hii anataka atangulizwe fedha, kwa kuwa mtoto ameanza kuota meno na kazi imekuwa ngumu.