Programu huria: Bei huvutia, uhuru ndio hudumisha

WATETEZI wa programu huria za tarakilishi wamevutana kwa miaka mingi kuhusu swali moja: je, anayeshawishiwa kuzitumia aelezwe kwanza habari za uhuru, au za gharama?

Richard Stallman, aliyeanzisha harakati hizo nchini Marekani mwaka wa 1983, hushikilia kuwa mtumiaji ana haki ya kuichunguza programu, kuirekebisha na kuisambaza. Mwaka wa 1998 wenzake kadhaa, wakihofia kuwa lugha hiyo inawatisha wafanyabiashara, walibuni jina jipya na kusisitiza ubora.

Kwa idadi, hao wa pili walishinda. Simu za Android zilizojaa mifukoni mwa Wakenya zimejengwa juu ya Linux, ilhali wengi wa wanaozitumia hawaijui itikadi hiyo. Lakini nyingi ya programu zilizomo si huria, na uhuru uliokusudiwa haumfikii mwenye simu.

Kisa cha jiji la Munich, Ujerumani, kinafunza zaidi. Baraza lake lilipoazimia kuacha Windows mwaka wa 2003, mkuu wa Microsoft wakati huo, Steve Ballmer, alimwendea Meya Christian Ude na kuahidi punguzo la bei. Jiji halikubadili nia. Lau hoja ingekuwa fedha pekee, punguzo hilo huenda lingeizima. Lililowashikilia viongozi ni kutotaka kumtegemea mwuzaji mmoja.

Kufikia 2013, takriban tarakilishi 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Hata hivyo, meya mpya aliingia 2014, malalamiko ya wafanyakazi yakapata sikio, na mwaka wa 2017 baraza likaamua kurejea Windows. Itikadi ya wakubwa haimtoshi karani ambaye waraka aliotumiwa unafunguka ukiwa umevurugika.

Basi uhuru una uzito, mradi uonekane kazini. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Wataalamu hao hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Leseni yenyewe iliwaruhusu kutafsiri.

Kiswahili, tofauti na Kiingereza, hutenganisha "bure" na "huru". Anayepewa cha bure atakihama siku kingine kitakapopunguzwa bei. Aliyeonja uhuru wa kukitengeneza chake atafikiri mara mbili.